Kanzidata ni huria, lakini mlangoni amekaa nani?



Ukikaa na vijana wetu wa kompyuta kwa dakika kumi tu utasikia ubishi wa MySQL na PostgreSQL, na ubishi wenyewe haupishani sana na ule wa Simba na Yanga. Huyu anasema yake ina kasi, yule anasema yake haipotezi rekodi hata umeme ukikatika katikati ya kazi. Watabishana mpaka chai ipoe. Ila sijawahi kuwasikia wakibishana hivyo kuhusu programu ya mbele, yaani ile sura ambayo karani, muuguzi, mhasibu au mwandishi wa habari ataikodolea macho kuanzia asubuhi hadi jioni. Hiyo huchaguliwa dakika za majeruhi, na anayeichagua mara nyingi siye atakayeitumia.

Leo nataka kusema jambo moja, tena bila kuzunguka. Uhuru wa kanzidata huria unaishia pale programu yake ya mbele inapoishia. Unaweza kuwa na kanzidata ambayo leseni yake inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha, halafu ukaweka mlangoni kitu ambacho mtu mmoja tu ofisini anajua kukifungua. Hapo huo uhuria unamsaidia nani?

Kwa wale ambao mambo haya si fani yao, tuelewane kwanza. Kanzidata kama MySQL, MariaDB au PostgreSQL haina sura. Ni ghala. Inapokea maswali kwa lugha iitwayo SQL, inajibu, basi. Fikiria duka la mtaani lenye nondo dirishani. Bidhaa ziko ndani, wewe uko nje, na utakachopata kinategemea dirisha lina upana gani na muuzaji anakuelewa kiasi gani. Programu ya mbele ndiyo hilo dirisha. Ndiyo yenye fomu ya kuingizia taarifa, kisanduku cha kutafutia, kitufe cha kuchapisha ripoti.

Walioanza na Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, walizoea ghala na dirisha kuja pamoja: majedwali, fomu na ripoti katika faili moja. Ndiyo maana ofisi nyingi ziliipenda. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ahamie kanzidata huria, anakutana na dirisha jeusi lenye maandishi meupe linalosubiri amri. Anashtuka, anafunga, anarudi kwenye Excel yake. Kisha tunamcheka kwamba hapendi maendeleo! Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye dunia ya programu huria ghala na dirisha ni vitu viwili, na kwamba hiyo ni neema: unaweza kubadilisha dirisha bila kuhamisha bidhaa, na unaweza kuweka madirisha matatu tofauti kwenye ghala moja, kila moja kwa watu wake.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa habari, nianze na mfano wa kwetu kikazi. Aprili 2016 dunia ilisoma habari za Panama Papers. Nyaraka milioni 11.5, ukubwa wa terabaiti 2.6, zilivuja kutoka kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca huko Panama zikafika gazeti la Ujerumani, Süddeutsche Zeitung, nalo likazishirikisha kwa muungano wa waandishi wa uchunguzi uitwao ICIJ. Waandishi zaidi ya 370 kutoka nchi mbalimbali walizifanyia kazi. Sasa jiulize: utawafundisha SQL waandishi 370, kila mmoja na lugha yake na mhariri wake anayempigia simu?

Mafundi wa ICIJ hawakujaribu. Nyuma waliweka Apache Solr, programu huria ya kutafutia ndani ya maandishi. Mbele wakaweka Blacklight, programu huria iliyoanzia kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kwa ajili ya watu wanaotafuta vitabu. Kisanduku cha kutafutia juu, vichujio pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kitu kwenye mtandao angeweza kuanza kazi. Kwa upande wa nani anamiliki kampuni gani, walitumia kanzidata ya Neo4j, na mbele yake wakaweka Linkurious, bidhaa ya kampuni ya Kifaransa ambayo inachora watu na kampuni kama nukta zilizounganishwa kwa mistari. Mwezi huohuo waziri mkuu wa Iceland, Sigmundur Davíð Gunnlaugsson, aliachia kiti chake. Mwaka 2017 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Pulitzer. Solr na Neo4j zilifanya kazi kubwa, sikatai. Lakini mwandishi aliyekuwa akisaka jina la mwanasiasa wa nchi yake alikuwa akibonyeza Blacklight.

Tena zingatia kwamba Linkurious si programu huria. Sitaki kuwa shabiki wa kupofuka. Data zilikaa kwenye Neo4j. Dirisha lile lingeweza kung'olewa kesho yake na data zikabaki. Dirisha la kukodi linavumilika kama ghala ni lako na unajua njia ya kutokea.

Mfano wa pili nao unatoka chumba cha habari. Kuna zana ya kutengenezea tovuti iitwayo Django. Ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa hadharani Julai 2005. Kinachopendwa zaidi na wengi ni ukurasa wake wa usimamizi: ukishaieleza majedwali yako yana nini, inakujengea yenyewe fomu za kuingiza, kutafuta na kusahihisha, ndani ya kivinjari. Kwa nini kitu hicho kilizaliwa gazetini? Kwa sababu gazetini mwandishi ana taarifa mkononi na muda unamwishia, naye fundi hana nafasi ya kumwandikia fomu mpya kila siku. Zana ilifuata shida ya watu waliokuwa palepale.

Mfano wa tatu uko karibu na nyumbani. Wanaofanya kazi za afya wanaifahamu DHIS2. Toleo lake la kwanza kabisa lilijengwa Afrika Kusini baada ya mabadiliko ya mwaka 1994, likiwa juu ya Microsoft Access. Baadaye, kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, likaandikwa upya kama programu huria inayofanya kazi kwenye kivinjari, na nyuma yake kwa kawaida kuna PostgreSQL. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Kwetu Tanzania ndiko zinakoishia takwimu za vitabu vya MTUHA, vile vikubwa mnavyoviona mezani zahanati. DHIS2 inaruhusu fomu ya kwenye kioo ipangwe ifanane na fomu ya karatasi. Mtu anayejumlisha wagonjwa wa malaria wa mwezi mzima anaona safu zilezile na mpangilio uleule aliouzoea kitabuni. Neno PostgreSQL huenda hajawahi kulisikia, na hana haja.

Haya, tuje kwenye zana zenyewe, maana najua kuna mtu amesoma mpaka hapa akitaka kujua achukue ipi.

phpMyAdmin ipo tangu 1998 na utaikuta karibu kila mahali panapokodishwa nafasi ya tovuti. Ni zana nzuri ya fundi wa MySQL na MariaDB. Tatizo ni pale inapogeuzwa kuwa sura ya kila siku ya ofisi. Karani aliyetaka kurekebisha namba moja ya simu anapewa ukurasa ambao kitufe cha kufuta jedwali zima hakiko mbali na kidole chake. Hiyo ni sawa na kumpa mteja ufunguo wa ghala kwa sababu dirisha hujalitengeneza. pgAdmin kwa upande wa PostgreSQL ni habari ileile: nzuri kwa anayejua anachofanya, na toleo lake la nne, lililotoka 2016, liliandikwa upya ili liweze kufunguka kwenye kivinjari. Adminer ni faili moja tu la PHP. Unalipakia, unamaliza shida yako, unaliondoa. Usiliache hapo, maana kuna watu kazi yao ni kuzunguka mtandaoni wakitafuta milango ya namna hiyo.

DBeaver ningempa mwandishi au mtafiti aliyejifunza SQL kidogo. Inaunganishwa na kanzidata za aina nyingi, inafanya kazi Windows, Linux na Mac, na toleo lake la jumuiya ni huria. Unauliza swali lako, unahamisha jibu kwenda kwenye lahajedwali, unaendelea na stori.

LibreOffice Base inadharauliwa kuliko inavyostahili. Ilianza kama sehemu ya OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005, na inakuruhusu kuchora fomu na ripoti bila kuandika programu. Kwa ofisi ya watu wachache inatosha. Sharti langu ni moja: usihifadhi data ndani ya faili la Base lenyewe, kwa sababu hapo anaweza kufanya kazi mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na faili likiharibika umekwisha. Iunganishe na MySQL au PostgreSQL iliyoko kwenye seva, Base ibaki kuwa dirisha.

Hata Access naweza kuivumilia kwa utaratibu huohuo. Kama ofisi imeshalipia leseni na watu wameshaizoea, iunganishe na PostgreSQL kwa njia ya ODBC, wabaki na fomu zao. Mjue tu kwamba mmejifunga kwenye Windows. Lakini kulaza data zote ndani ya faili la Access, ambalo haliruhusiwi kuzidi gigabaiti mbili, hapana.

Kama watumiaji wako kwenye matawi tofauti, wengine wana kompyuta na wengine simu, ukurasa wa usimamizi wa Django unafaa sana kwa wafanyakazi wa ndani. Wenye Django wenyewe wanaonya kwamba ukurasa huo haukukusudiwa wageni. Utahitaji fundi wa kuanzisha, ndiyo, lakini si lazima awe fundi yuleyule milele, kwa sababu maelezo yake yamejaa kila kona.

Na hapo pa fundi wa milele ndipo penye roho ya suala hili. Nakifahamu chama kimoja cha kuweka na kukopa, hapa mjini. Kijana mmoja mwenye kipaji aliwawekea MySQL, akawaeleza kwa fahari kwamba ni huria na haina gharama. Mbele yake akawaandikia programu yake mwenyewe. Chanzo chake hakuwaachia, maelezo hakuandika, na vitufe alivipa vifupisho vya Kiingereza alivyovielewa yeye. Akapata kazi nzuri nje ya nchi, akaondoka, na hakuna wa kumlaumu kwa kutafuta riziki. Siku programu ilipogoma, katibu alirudi kwenye daftari. Akiba za wanachama zilikuwa salama salimini ndani ya MySQL, hakuna hata shilingi iliyopotea, ila mama anayetaka kujua salio lake kabla ya kufungua shule hakuwa na wa kumuuliza. Kanzidata huria ilikuwa imefungwa kwa kufuli la mtu mmoja, na kufuli lenyewe lilikuwa safarini.

Kampuni kubwa nazo hubadili makufuli. Elasticsearch na dirisha lake, Kibana, zilikuwa chini ya leseni ya Apache. Januari 2021 kampuni yenye kuzimiliki ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 7.11 leseni inabadilika kuwa kali zaidi. Amazon wakachukua toleo la zamani wakaanzisha OpenSearch pamoja na dirisha lake. Mwaka 2024 kampuni ile ikaongeza tena chaguo la leseni huria. Aliyejenga kazi yake juu ya Kibana miaka hiyo alijikuta akisoma leseni usiku.

Linganisha na MySQL. Sun iliinunua mwaka 2008, na Januari 2010 Oracle ikaimeza Sun yenyewe. Mwanzilishi wake, Michael Widenius, alishaondoka na kuanzisha MariaDB mwaka 2009. Wakubwa waligombana, lakini aliyekuwa akitumia phpMyAdmin aliendelea kuitumia, kwa MySQL na kwa MariaDB, kwa sababu dirisha lake halikuwa mali ya yeyote kati ya wagombanaji na lugha ya kuzungumza na ghala ilijulikana na wote.

Kwa hiyo, kabla sijaulizwa programu ipi ina sura nzuri zaidi, mimi ningeuliza haya. Nani atakaa mbele yake kila siku, na je, ameonyeshwa kabla haijachaguliwa? Aliyeiweka akiondoka kesho, nani mwingine mjini anaweza kuishika? Data zikitakiwa nje leo jioni, kwa CSV au kwa nakala kamili ya SQL, zitatoka bila kuomba ruhusa ya mtu? Na je, kila mtumiaji ana akaunti yake yenye mipaka yake? Hilo la mwisho watu hulipuuza. MySQL na PostgreSQL zote zinakuruhusu kumpa mtu haki ya kusoma tu. Mhasibu asome, karani aingize, fundi abadilishe. Ukiwapa wote nywila moja ya mkuu, hata dirisha zuri kiasi gani halitakuokoa.

Lugha nayo tusiisahau. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, wakaonyesha kwamba menyu zinaweza kusema Kiswahili. Basi kwenye fomu unayoichora mwenyewe, ndani ya Base au Django, nani anakuzuia kuandika "Tarehe ya kulipa" na "Jina la mdhamini"? Hiyo haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji dakika tano za kumkumbuka mtumiaji.

Najua watakaonijibu. Watasema watu wajifunze SQL, tuache kuwadekeza. Nakubaliana nao nusu. Mwandishi kijana wa leo asiyejua hata SELECT anajinyima, na lugha yenyewe si ngumu kuliko kanuni za kuripoti mahakamani. Lakini muuguzi mwenye foleni ya akina mama nje ya mlango hana deni hilo kwetu. Tukimwekea masharti ya SQL ndipo aone takwimu za zahanati yake mwenyewe, tutakuwa tumejenga tabaka jipya la wenye funguo, halafu tunaliita programu huria.

Wengine watasema kutengeneza sura ni kazi ya wachoraji, haina hadhi. Hapo sikubali hata robo. Anayechagua nini kionekane kwenye kioo na nini kifichwe ndiye anayeamua ni maswali gani yataulizwa ofisini. Fomu isiyo na nafasi ya kuandika kijiji anachotoka mgonjwa imeshaamua kwamba hakuna atakayejua kipindupindu kimeanzia wapi.

Ushauri wangu kwa mlioko kwenye mashirika, vyama na kampuni changa: bajeti ya muda mliyoipanga kwa ajili ya kanzidata, igaweni, nusu iende mlangoni. Chagueni zana mbili tatu, mkae na atakayeitumia, mumpe kazi halisi ya siku moja, mnyamaze mumtazame. Akikwama mara ya tatu mahali palepale, zana hiyo haiwafai, hata kama fundi anaipenda.

Ofisini kwenu mlangoni kuna nini? Niandikieni. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa mtu asiye fundi ambaye anaifungua kanzidata mwenyewe, bila kumsubiri mtu, na anieleze ilikuwaje mpaka akafika hapo.